Boti ya wamama wa Idjwi na kioo kinachosema na moteri



Tangu mwezi uliopita mnatuuliza swali moja sokoni, kanisani, hata kwenye foleni ya maji: ni kweli wamama wa Idjwi Kusini wana boti yenye kioo kama cha simu kubwa, kinachoonyesha hali ya moteri? Na boti yetu, je, inaweza kuwekewa kioo hicho? Kamati ilituchagua watu watano twende kuona kwa macho. Tuliondoka Jumanne, tukarudi Alhamisi. Tunawaandikia tuliyoyaona njiani na kule kisiwani, pamoja na yale ambayo kamati imekubaliana baada ya kutusikiliza, maana feza ni ya wote.

Tuliondokea Muhanzi saa kumi na mbili ya asubuhi. Anayeijua Muhanzi hahitaji kuelezwa: matope, mikungu ya ndizi, magunia ya makaa, watu wa kodi ya kila namna wakinyoosha mkono, na vijana wanaoingia majini mpaka kiunoni wakiwa na mzigo kichwani. Mmoja wetu alipakiwa kama gunia, akalalamika, kijana akamjibu: « Mama, ningekuweka chini ungeogelea. » Tukacheka wote, yeye pia.

Bukavu inapendeza zaidi ukiiona kutoka majini. Rasi zake zinaingia ziwani kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Ukiwa mjini unaona mteremko na matope tu. Ukiwa ziwani unaona nyumba zimepandana vilimani, paa juu ya paa, na pale udongo ulipoporomoka pamebaki pekundu kama kidonda. Kushoto, mbali, Kahuzi ilikuwa imevaa mawingu. Kulia ni Rwanda, na mashamba yake ya ngazi ngazi.

Lakini kabla hatujapita rasi ya mwisho, kapiteni alizima moteri mara mbili. Mifuko ya plastiki. Moteri hizi zinavuta maji ya ziwa ili zijipoze, na mfuko ukiziba mdomo wa kuvutia, moteri inachemka kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Aliinua mguu wa moteri, akatoa vipande vya mifuko na kamba ya wavu, akavitupa tena majini. Hapo mmoja wetu alimkaripia, na kwa haki. Taka hizo hizo zinatelemka mpaka Ruzizi, zinaziba mitambo ya umeme, halafu sisi tunakaa gizani tukilaumu kampuni ya umeme peke yake.

Kuna jambo la ziwa letu ambalo tulilisikia mara nyingi katika safari hii, na linahusu jiko pia. Kivu iko juu sana, karibu mita 1.460 juu ya usawa wa bahari. Mnajua maharagwe yanachelewa kuiva huku kwetu kuliko kule Uvira. Sababu ni kwamba hewa ya juu ni nyepesi, na maji yanachemka kabla hayajafika digri 100. Kwetu ni karibu digri 95. Moteri nayo inaishi kwa hewa. Fundi wa Idjwi alitueleza kwamba moteri inayouzwa kwa jina la nguvu 40 za farasi inapoteza kama sehemu moja kati ya saba ikifika hapa, yaani inabaki na nguvu 34 hivi. Anayenunua moteri akihesabu nguvu zilizoandikwa kwenye kofia yake anajidanganya tangu dukani, na mzigo atakaopakia utakuwa mzigo wa moteri asiyokuwa nayo.

Tulipita wavuvi wa sambaza wakirudi nyumbani: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, nyavu zimekunjwa, taa zimezimwa, vijana wakipiga kasia kwa kufuata wimbo. Vitoto vyetu vinafikiri sambaza wamekuwa hapa tangu uumbaji. Kumbe waliletwa kutoka Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo ndio samaki wa maskini na wa tajiri.

Idjwi tuliifikia jua likiwa limepanda. Ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwa letu, kirefu kama kilometa 40 kutoka kichwa mpaka mkia, na watu wamejaa kuliko unavyodhani ukikitazama kutoka mbali. Kila kipande kimelimwa: migomba, mihogo, mananasi ambayo hata Bukavu tunayajua kwa jina la Idjwi, na kahawa. Wenyeji ni Wahavu, na Kihavu chao ni jirani ya Mashi yetu, hata wazee wetu wawili walisalimiana nao bila mkalimani. Magari ni machache. Nyumba nyingi usiku zinategemea kibao cha jua na taa ndogo. Barabara kuu ya Idjwi ni ziwa lenyewe: chumvi inapita majini, sabuni inapita majini, mgonjwa anapita majini.

Wajane pia ziwa limewafanya. Wamama watatu kati ya waliotupokea walipoteza waume kwa ajili ya kahawa. Miaka ile bei ya huku ilipokuwa mbovu, wanaume walivuka usiku kwenda kuuza Rwanda, katika mitumbwi midogo iliyojaa magunia, bila taa ili wasionekane. Wengine hawakurudi. Umoja wa wamama hawa ulianzia hapo: likirimba ya wajane, halafu shamba la pamoja, halafu, baada ya miaka mingi ya kuweka franka kidogo kidogo, boti.

Sasa boti yenyewe. Ni ya mbao, ndefu, imepakwa rangi ya kijani, na ubavuni kuna mstari mweupe tutakaousema baadaye. Nyuma inaning'inia moteri ya nguvu 40, ya mtumba lakini ya kizazi kipya: haichanganywi mafuta na esansi, na ndani yake kuna ubongo mdogo wa kompyuta unaopima esansi inayoingia. Mbele ya kapiteni, ndani ya kisanduku cha mbao chenye kifuniko, kuna kioo chenye ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Ndicho mnachokiuliza.

Kapiteni aliwasha, tukasogea wote watano mpaka akatuomba turudi nyuma boti isilale upande. Kioo kilionyesha mambo sita: mizunguko ya moteri kwa dakika, joto lake, nguvu ya batri, esansi iliyobaki, esansi inayoliwa kwa saa, na mwendo wa boti unaotoka kwenye satelaiti. Chini kulikuwa na namba nyingine, saa zote ambazo moteri imefanya kazi tangu siku ya kwanza. Hii ya mwisho ndiyo iliyotupendeza zaidi, hata kama haing'ari.

Tulimuuliza fundi namna kioo kinavyojua. Ni kijana wa kisiwa aliyejifunza kutengeneza redio na simu, na anaeleza vizuri kuliko walimu wengi. Alisema hivi: moteri ya kisasa inasema muda wote, lakini inasema lugha ya kiwanda chake. Yamaha ina lugha yake, wanaiita Command Link. Mercury ina yake, SmartCraft. Kioo, kikiwa cha kiwanda kingine, hakisikii lugha hizo. Basi watengenezaji wa vyombo vya majini walikubaliana lugha moja ya soko, kama sisi Wahavu na Washi na Warega tunavyokutana katika Kiswahili. Lugha hiyo inaitwa NMEA 2000. Kuna moteri zinazoisema tangu kiwandani. Nyingine zinahitaji kisanduku kidogo cha katikati, mkalimani, kinachosikia lugha ya kiwanda na kuitafsiri. Moteri yao ilihitaji mkalimani, na ndicho kitu kilichowachelewesha, maana kilitoka mbali na njiani kilikwama miezi.

Halafu akatuonyesha nyaya, akifungua mbao za pembeni mwa boti. Tulitegemea kuona fujo kama ya nguzo za umeme za Kadutu. Ulikuwa waya mmoja mkubwa, umelala kutoka nyuma mpaka mbele. Ndani yake nyuzi tano: mbili za umeme wa batri, mbili za kubeba maneno, na moja ya kukinga makelele. Kila chombo kinaungwa kwenye waya huo kwa kifundo chenye umbo la herufi T na waya mfupi usiozidi mita sita. Moteri kifundo chake, kioo kifundo chake, tanki kifundo chake. Na kwenye ncha mbili za waya mkubwa kuna vizibo viwili. Vizibo hivi havionyeshi chochote, havina taa wala kelele, na kwa hiyo mafundi wa haraka wanaviacha. Bila vizibo maneno yanafika mwisho wa waya na kurudi kama mwangwi, na kioo kinaanza kuonyesha upuuzi au kuzimika katikati ya ziwa.

Andikeni hili, wenye waume au watoto mafundi: ukizima umeme na kuweka mita kati ya zile nyuzi mbili za maneno, mita isome karibu ohm 60. Ikisoma 120, kizibo kimoja hakipo. Hakuna kubishana na fundi. Mita ndiyo inayosema.

Kuna hadithi ya tanki tuliyosimuliwa, na kwetu ilikuwa nzito kuliko zote. Ndani ya tanki kuna boya linalopanda na kushuka na esansi. Boya linabadilisha namba ya ohm, na kioo kinasoma namba hiyo. Shida ni kwamba maboya ya dunia hayahesabu sawa. Yale ya Kimarekani yanasema 240 tanki likiwa tupu na 33 likiwa limejaa. Ya Ulaya yanakwenda kinyume: karibu 10 likiwa tupu, 180 likiwa limejaa. Sasa chukueni boya la Ulaya, mlifunge kwenye kioo kilichopangwa kwa hesabu ya Kimarekani. Tanki likikauka, boya linasema 10, na kioo kinaandika kwa rangi nzuri ya kijani: limejaa.

Ndivyo ilivyokuwa wiki ya kwanza, kwa mkono wa fundi mwingine aliyekuja kufunga na kuondoka siku hiyo hiyo. Boti ilibeba mama wa uchungu usiku, mimba ya kwanza, mtoto amelala vibaya, na kituo cha afya kilikuwa kimesema apelekwe hospitali haraka. Kapiteni aliangalia kioo: esansi imejaa. Hakuchukua bidoni ya akiba, kwa nini abebe uzito? Moteri ilikohoa mara mbili katikati ya maji, ikanyamaza. Walipiga kasia. Mama mkubwa aliyemsindikiza mgonjwa, ambaye sasa ndiye mwekaji feza wa umoja, alituambia alikuwa ameshika mkono wa binti kwa mkono mmoja na kasia kwa mkono wa pili, na kile kioo kiliendelea kuwaka mbele yao kikisema limejaa. Mtumbwi wa wavuvi wa sambaza uliwakuta, ukawapa bidoni ndogo. Walifika. Binti alipasuliwa, akaishi, mtoto pia. Tulimwona mtoto huyo, sasa anakimbia kwenye ufuko na kutupa mawe majini.

Tangu siku hiyo wana sheria mbili. Ya kwanza: kila fundi akimaliza, tanki linakaushwa mbele ya wamama wawili, kioo kinaangaliwa kama kinasema tupu, halafu linajazwa bidoni kwa bidoni, na kila bidoni kioo kinaangaliwa tena. Ya pili: kuna fimbo ya mti yenye alama za kisu, inatumbukizwa tankini kabla ya kila safari, hata kioo kiseme nini. Tuliwauliza kama hawaoni aibu kuwa na kioo cha dola na fimbo ya mti pamoja. Mama Prezida wao alijibu: « Dada zangu, munganga naye ana mashine, lakini bado anakushika tumbo. »

Kwa nini basi wanakipenda? Sababu ya kwanza ni usiku. Mchana kapiteni anajua moteri inajipoza kwa kuangalia kamkojo kake, ule mfereji mwembamba wa maji unaoruka nyuma. Usiku haonekani. Na usiku ndio wakati wa wamama wa uchungu, wafanyabiashara wamelala. Sasa joto liko mbele ya macho yake. Mwezi wa tano lilianza kupanda taratibu, akazima kabla kengele haijalia, akaondoa mfuko uliokuwa umeziba, akaendelea. Kwenye moteri ya zamani angejua kwa harufu, na harufu ikifika umechelewa. Ila walituonya: mwanga wa kioo upunguzwe kabisa gizani, kwani kapiteni akikitazama sana macho yake hayaoni tena mtumbwi usio na taa. Ndiyo maana kisanduku kina kifuniko.

Sababu ya pili ni feza, na hapa mtatabasamu, maana kila umoja wenye boti unalijua jambo hili. Zamani kila safari ya Bukavu ilikula esansi tofauti. Kapiteni alisema upepo; wamama walisema mdomo wa kapiteni. Maneno yaliharibu urafiki, na kapiteni wawili waliondoka kwa hasira, mmoja labda bila kosa. Sasa esansi inayoliwa inaandikwa katika daftari na mama mwekaji feza, pamoja na saa za moteri na mzigo. Baada ya miezi mitatu waliona kitu ambacho hakuna aliyekitegemea: siku za upepo wa kweli moteri ilikula zaidi, kapiteni alikuwa akisema ukweli kwa sehemu kubwa. Aliyekuwa akipunguza bidoni alikuwa mtu mwingine, nchi kavu. Hatutasema zaidi, wameshamalizana naye.

Saa za moteri ndizo zinazoamua pia siku ya kubadilisha mafuta na ile panka ndogo ya mpira inayovuta maji ya kupoza. Zamani walibadilisha wakikumbuka. Sasa daftari linasema.

Sababu ya tatu ilitufanya tunyamaze. Ni mizunguko. Boti ikiwa na mzigo wa kawaida na moteri ikisukumwa mpaka mwisho, kioo kinaonyesha zaidi kidogo ya 5.000 kwa dakika. Boti ikipakiwa kupita kiasi, namba haifiki hapo, inasimama 4.600, 4.500, moteri inalia lakini haipandi, kama mama aliyebebeshwa magunia mawili mlimani. Basi wamefanya desturi: wakitoka ufukweni, mita chache tu, kapiteni anasukuma mpaka mwisho na mama mmoja anasoma namba kwa sauti ili wasafiri wote wasikie. Ikiwa chini ya 5.000, wanarudi kushusha mzigo, au kutafuta kilichofunga panka chini majini. Hakuna majadiliano na mwenye magunia mkubwa, hata awe nani.

Mnajua kwa nini tulinyamaza. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, pale Goma, watu wakiiona kutoka ufukweni. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, watu walipita majini kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Makumi ya watu walikufa, wakati nchi kavu ilikuwa karibu. Kati yetu watano, mmoja ana dada aliyezikwa wiki ile.

Ni yeye aliyeuliza swali ambalo sisi wengine tuliogopa kuuliza: kioo hiki kingewaokoa? Fundi hakudanganya. Alisema hapana. Kioo kinapima uchovu wa moteri, hakipimi kama boti itapinduka. Watu wakisimama wote upande mmoja wakati wa kufika, mizunguko inabaki ile ile mpaka maji yanaingia. Magunia yakipangwa juu sana, kioo hakioni. Kinachoona ni ule mstari mweupe ubavuni: boti ikikaa majini mpaka mstari ukazama, safari haipo. Mstari ule ni kopo moja la rangi na asubuhi moja ya kazi. Walianza na mstari, wakafuata gileti, kioo kilikuja mwisho kabisa. Mpangilio huo tuliuandika na kupigia mistari miwili.

Sasa boti yetu. Tulimpelekea fundi picha za moteri yetu, naye alitazama kwa muda, akatabasamu. Ni ile Yamaha ya zamani ya kuvuta kamba, ya kuchanganya lita moja ya mafuta katika lita 50 za esansi, mnaijua kwa sauti yake. Haina kompyuta ndani, kwa hiyo haina lugha ya kutafsiri. Ni kama bubu mwenye nguvu. Mtu anaweza kuifungia vidude vya kupima, kimoja cha joto, kimoja cha tanki, kimoja cha kuhesabu mizunguko kwenye koili ya umeme, kisha kisanduku cha kugeuza vipimo hivyo, kisha waya mkubwa, kisha kioo. Lakini kwanza itahitaji batri na kifaa cha kusawazisha umeme unaotoka kwenye koili, maana umeme ule ukitoka mbichi utaharibu batri na kioo pamoja. Na hesabu ya mizunguko inataka kujua koili inapiga mara ngapi kwa kila mzunguko. Ukiipanga vibaya kioo kitakuonyesha namba ya uongo, na mmeshasikia habari ya uongo wa kioo. Kwa maneno mengine, tungetumia feza nyingi kuliko thamani ya moteri yenyewe.

Akatuonyesha kitu kingine, kidogo kama kiberiti. Ni kihesabu chenye betri yake ndani. Waya wake mmoja unazungushwa mara chache juu ya waya wa bujia, bila kukata kitu. Kinahisi cheche, kinaonyesha mizunguko moteri ikiwaka, na kinahesabu saa zake. Joto hakionyeshi, esansi hakionyeshi, wala hakina rangi nzuri. Lakini desturi ya kusoma namba kwa sauti mita chache kutoka ufukweni inawezekana nacho, na daftari la saa pia.

Tulirudi Alhamisi na mananasi na maneno mengi. Kikao cha kamati kilikuwa kirefu. Wapo waliotaka kioo kikubwa, na hatuwezi kuwacheka: boti yenye kioo inaheshimika bandarini, na abiria anaichagua. Wapo waliosema feza yote iende kwenye gileti. Mama mmoja mzee alikumbusha kwamba gileti tatu tulizo nazo zimekaa chini ya benchi zimeliwa na panya, na kwamba kununua si kuvaa. Hilo lilipokelewa kwa kicheko kidogo, halafu kimya.

Tuliyokubaliana ni haya. Mstari mweupe unachorwa Jumamosi hii, boti ikiwa tupu kwanza na kisha na mzigo tuliozoea, kapiteni na wamama sita wakiwepo. Feza ya sanduku inanunua gileti kwanza, na ndogo za watoto zimo ndani ya hesabu, maana kila mara zinasahauliwa. Kihesabu cha bujia kinaagizwa kwa fundi wa Idjwi, naye atakuja kukifunga na kufundisha vijana wetu wawili. Fimbo ya tanki tayari ipo, mume wa mmoja wetu aliichonga jioni ile ile. Habari ya kioo kikubwa imewekwa mpaka siku tutakapobadilisha moteri. Na siku hiyo, kabla ya kulipa, muuzaji ataulizwa moteri inasema lugha gani na mkalimani wake anapatikana wapi.

Kapiteni wetu ameulizwa kama anakubali namba isomwe na mama mbele ya abiria. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema anakubali, ila naye anaomba kitu: namba ikiwa chini, mama huyo huyo ndiye aende kumwambia mwenye magunia ashushe, asimwachie yeye ugomvi peke yake. Majina ya wamama wa zamu yanaandikwa kwa mwekaji feza. Mpaka jana usiku yalikuwa manne, tunahitaji kumi na mbili.